Mwelwa wa ku Mizani

Delphine alikuwa amekwisha kukata mikono ya koti la nne alipoambiwa aongeze tumbo.

"Ya huyu muzee wa ku mizani, maman, unamutilia coussin huku mbele," alisema Martine, msichana wa mavazi wa kampuni ya filamu, akijigonga tumboni, mahali pa kutiwa mto. "Réalisateur, mwenye filamu, anataka akuwe munene. Bantu bakimuona tu, bajue asema huyu alikula."

Delphine akapokea karatasi ya vipimo. Kwa wiki mbili alikuwa akiishonea filamu ile abakosti za wakubwa, zile suti za zamani zisizovaliwa na tai, na kazi nono kama hiyo haikuwa imepita mlangoni pake hapo mtaani Kamalondo kwa miaka. Filamu yenyewe ilihusu Kesi ya Bunga, yaani ya unga. Mtu yeyote wa umri wake aliikumbuka: mwaka ule wa njaa, miaka arobaini iliyopita, serikali ilileta unga wa mahindi mjini uuzwe kwa bei ndogo, na nusu yake ikayeyuka kabla haijafika kwenye sufuria za watu. Wakubwa walikaa mbele ya tume ya uchunguzi, wakajifuta jasho, wakapandishwa vyeo. Aliyeingia gerezani ni mpimaji wa mizani peke yake, miezi kumi na minne.

Delphine alikuwa ameichukua kazi ile kwa moyo mmoja. Alidhani kwamba sasa, hata kama ni kwa kuchelewa, watu wataonyeshwa waliokula ni nani. Karatasi mkononi mwake ilisema hivi kwa Kifaransa: *Laurent Mwelwa, mpimaji. Mnene. Amepokea hongo.*

Laurent Mwelwa alikuwa hatua tano kutoka pale, uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki akichambua maharagwe. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na hakuwahi kunenepa hata siku moja. Martine alikuwa amemsalimia mara mbili alipoingia, "Jambo papa," kwa adabu zote, bila kujua anamsalimia nani. Mtu anatoka mbali na kamera zake kuja kutengeneza filamu ya maisha yako, anapita mbele ya magoti yako, na hakuulizi hata jina.

"Kuko problème, maman?" Martine akauliza.

"Hapana. Niachie ile karatasi."

Msichana alipoondoka, Delphine akaikunja karatasi na kuitia ndani ya sidiria. Hakumwambia baba yake kitu. Alikuwa akimfikiria Chancelvie, binti yake wa pekee. Mwanaume aliyemzaa hakuleta mahari wala hakuonekana tena, kwa hiyo mtoto alibeba jina la babu yake: Chancelvie Mwelwa. Wiki hiyo Chancelvie alikuwa akisubiri simu kutoka duka moja kubwa la mjini, akae kwenye kasha, apokee pesa za watu. Filamu ikitoka, nani atamweka Mwelwa kwenye kasha?

*

Ofisi ya filamu ilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga katikati ya mji. Delphine alikaa barazani tangu saa tatu hadi saa sita na nusu, akitazama vijana wakipita na nyaya mabegani. Kila aliyepita alimwambia "un instant, maman," na dakika ile haikuisha. Alipoingizwa hatimaye, alimkuta mwongozaji mwenyewe, Émile, mzaliwa wa hapa aliyekulia Ulaya, mtu mpole wa miwani. Kando yake alikaa Jephté, mtu wa mikataba, aliyekuwa akiandika kwenye simu bila kuinua kichwa.

"Mi niko mutoto ya Laurent Mwelwa," alisema Delphine. "Na baba yangu hakupokeaka hongo. Ku tume balimuuliza, akajibu: nilipata tu matabishi."

"Voilà, maman," akasema Émile kwa upole. "Matabiche. Ile njo pot-de-vin, hongo. Ni ile ile."

"Haiko ile ile!" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka. "Unaenda ku soko. Maman anakupimia maharagi, meka moja, inajaa. Kiisha anatupa tena mukono moja pale juu. Ile ya juu njo matabishi. Haulipie, hauombe sana, anakupatia tu juu ya roho muzuri. Baba yangu alikuwa napima bunga tangu asubui. Mangaribi balikuwa namupatia kabakuli kamoja. Mwenye kuandika akatia mu Français anavyotaka ye. Munaweza kufunga muntu juu ya kabakuli kamoja?"

Émile alivua miwani. Alionekana kweli ameguswa, akasema hilo ni jambo zuri sana, tena lina utajiri, akaliandika kwenye daftari lake. Delphine akajiona amefika. Ndipo Jephté akainua kichwa.

"Dialogue ya tume hatuiguse, maman. Tuliikamata mu procès-verbal, ile maandiko ya tume, iko na cachet. Tukibadirisha neno moja, batasema filamu yote ni bongo, haina ukweli."

"Lakini ile procès-verbal njo ya bongo!"

"Iko na cachet," akarudia Jephté, kana kwamba muhuri ni Biblia.

Delphine akaangalia chini ili asilie mbele yao. Juu ya meza, mbele yake, kulikuwa na orodha ya wahusika. Akaisoma kichwa chini, maana fundi wa nguo huzoea kusoma vipimo vya upande wowote. *Gavana. Mkurugenzi. Mshauri. Mfanyabiashara wa malori.* Akashuka hadi mwisho. Watu kumi na mmoja, na katika wote hao mmoja tu alikuwa na jina lake mwenyewe.

"Hawa bengine," akasema pole pole, "majina yabo iko wapi?"

Émile akamtazama Jephté. Jephté hakuona aibu yoyote. "Familia zabo zilikuya, maman. Na ba avocats, mawakili. Zikatuma mabarua. Tukatosha majina juu ya kuepuka matatizo."

"Na ya baba yangu?"

"Ninyi hamukukuya."

Hasira ilimpanda Delphine mpaka ikamfanya awe na adabu. Akauliza tu: na yeye akitaka jina la baba yake litolewe, alete nini? Jephté akamwandikia kwenye kipande cha karatasi: barua ya ombi, hati ya familia, na saini ya mtu mzima wa ukoo.

*

Karatasi tatu zilimla siku tisa. Kwenye ofisi ya kwanza walimwambia hati ya familia haitoki bila cheti chake cha kuzaliwa. Kwenye ya pili wakamwambia cheti kile cha zamani hakikubaliki tena, arudi mtaani, aandikiwe na chifu wa mtaa. Chifu alikuwa msibani. Aliporudi kutoka msibani alikuwa amechoka. Delphine alikaa kwenye mabenchi mengi siku hizo kuliko alivyokaa kanisani mwaka mzima, na mashine yake ya kushona ikalala, na Martine akawa anapiga simu kuuliza makoti.

Kwenye dirisha la mwisho karani mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu, alisoma jina, akalisoma tena, akacheka.

"Mwelwa? Mwelwa wa ku mizani?"

"Mwelwa tu," akajibu Delphine.

"Mama yangu alikuwa anamuimba, ule! Batoto bote ba ku avenue tulikuwa tunamuimba: mwizi wa bunga!" Akamgeukia mwenzake amweleze, nao wakacheka pamoja, bila ubaya wowote, kama watu wanaokumbuka utoto. Halafu akapiga muhuri. Delphine akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru, maana muhuri alikuwa anauhitaji, na kwa hilo alijichukia njia nzima mpaka mjini.

Jephté alizipokea karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia saini. Mpimaji wa filamu sasa angeitwa Pierre Kasongo, mtu ambaye hakuzaliwa na hatakufa. Ilichukua nusu dakika.

Alirudi Kamalondo na mkate wa sukari. Uani alimkuta Chancelvie akicheza peke yake bila muziki: duka lilikuwa limepiga simu, aanze Jumatatu. Delphine akamkumbatia, akacheka. Mambo yakaisha. Sasa angeweza kusema.

"Baba," akasema, akivuta kigoda karibu na mzee. "Ile filamu njo ya Kesi ya Bunga. Balikuwa nataka kukuonyesha mwizi, na jina yako yote. Mais nimepiganisha. Nimetosha jina yako, sawa vile familia za bale bakubwa zilitosha yabo. Tangu leo hautakuwa tena mu ile filamu."

Alingoja baraka. Mzee aliendelea kuchambua maharagwe, akatupa bovu moja, akatupa la pili.

"Nani alikutuma?"

"Baba?"

"Nauliza, Delphine. Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu alinituma! Ni juu ya heshima yako! Nilibaambia mambo ya matabishi, asema balitafsiri mubaya, asema ilikuwa kabakuli kamoja tu..."

"Balitafsiri muzuri," akasema mzee.

Chancelvie akaacha kucheza.

"Ile neno nilichagula mi mwenyewe," mzee akasema. Alizungumza bila haraka, akiyatazama maharagwe. "Usiku muzima nililitafuta. Nilikuwa najua mwenye kuandika atalisikia na sikio yake, na bantu ba ku soko batalisikia na sikio yabo. Mukubwa asikie asema nimejibebesha makosa, asiniue. Mama yako asikie asema ni kabakuli kamoja, asinikimbie. Kabakuli! Chini ya sahani ya mizani nilikuwa natia chuma, kila asubui, na hii mikono. Mwanamuke alipie kilo kumi, abebe nane. Alionileteaka ile chuma ni Mukurugenzi, sawa. Mais mwenye kuinama na kuitia ni mi."

"Walikulazimisha," akasema Delphine. Alitoa neno la Kiswahili cha shuleni bila kujua.

"Siku ya kwanza balinilazimisha. Siku zingine nilikuwa natia tu."

"Basi ile bunga ulikuwa unatuletea mangaribi..."

"Mulikuwa munaikula. We ulikula, mama yako alikula, mi nilikula. Bukari ya ile bunga ilikuwa ya moto na hakuna alioniulizaka inatoka wapi." Akaweka sahani ya maharagwe chini. "Bale bengine bote batoshe majina, na yangu pia itoke? Basi bunga ilijiibaka yenyewe. Kesho utanipeleka kule."

Delphine alisimama. Siku tisa, mabenchi, kicheko cha karani, vyote vikampanda kichwani kwa pamoja. Akamfokea baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamwambia kwamba uzee umemharibu, kwamba heshima ya gerezani haiwezi kulipa kodi ya nyumba, kwamba yeye atakufa kesho na jina atawaachia wao. Akamwonyesha Chancelvie kwa kidole: huyu anaanza kazi Jumatatu, huyu alikula bunga ya nani?

Mzee akamgeukia mjukuu wake.

"Ananipa aibu huyu, kweli," akasema. "Mbele yake njo niko na aibu. Kwa bantu ba filamu hapana."

"Kambo," Chancelvie akamwambia babu yake, "mi niko najifunzaka kuhesabu. Kama banauliza, nitabaambia haukunifundisha we." Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka, akaingia ndani.

*

Kesho yake Delphine alikuwa na makoti ya kupeleka vyovyote vile, kwa hiyo wakaenda wote wawili. Walikuwa wanapiga picha kwenye ghala moja kuukuu karibu na reli. Mlinzi aliuliza jina la mzee, akapitisha kidole kwenye orodha.

"Mwelwa hakuna. Kulikuwaka moja, balimufuta."

Delphine akasema mzee ni msaidizi wake wa kubeba makoti, na kwa namna hiyo Laurent Mwelwa akaingia kwenye hadithi yake mwenyewe.

Jephté alisikiliza nusu ya maelezo, akakunja uso. Saini ilikwisha kutiwa, akasema, na tukio la mizani lilichukuliwa jana ile ile jioni, jina la Kasongo limetamkwa mara sita. Warudie siku nzima kwa sababu babu amebadili mawazo? Émile alikuja, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba kukutana naye ni heshima kubwa. Akaomba wapige picha pamoja kwa simu. Wakapiga. Halafu akasema kwamba kwa bahati mbaya haiwezekani tena, na filimbi ikapulizwa ya chakula cha mchana.

Delphine alibaki ameshika makoti kama mtu aliyesahauliwa kwenye kituo. Siku tisa alikuwa ameomba jina litoke na wakamsumbua. Sasa alikuwa anaomba libaki, na wakamsumbua vile vile. Na hakujua hata ni lini alianza kutaka libaki.

Alipogeuka, baba yake hakuwa ubavuni.

Alikuwa amekwenda mpaka kwenye mizani. Ilikuwa mizani ya kweli, ya chuma, waliyoipata sijui wapi. Kuizunguka, chini, walikaa wanawake thelathini hivi kutoka mtaa wa Katuba, waliokodiwa kucheza foleni ya njaa, kila mmoja na beseni lake tupu, wakila mkate na soseji. Wengi walikuwa vijana. Wachache walikuwa na umri wa kuifahamu foleni ile bila kufundishwa na mtu. Mzee akaikandamiza sahani ya mizani kwa kiganja, akaitazama sindano ikipanda na kushuka.

"Bamama," akasema. "Mi njo Mwelwa. Mwelwa wa ku mizani, wa kweli. Ile mwaka nilikuwa nabaibia kilo mbili ku kila kilo kumi. Chuma nilikuwa natia hapa chini." Akainama, kwa shida, goti moja likalia, akaonyesha mahali. "Hapa. Naomba mujue asema ni mi."

Vijana wakacheka, wakidhani ni mwigizaji. Kisha wakaona hakuna anayemwelekeza, wakageuka kumtazama vizuri.

"Papa wa kamera!" Delphine akapiga kelele. "Kamata ile! Kamata, anasema!"

Mpiga picha aliinua mkate wake. "Tuko ku pause, maman."

Mwanamke mmoja mzee, ambaye wenzake walimwita Mama Julienne, alikuwa ameacha kutafuna. Aliweka beseni kando, akamtazama Mwelwa tangu viatu mpaka kichwa.

"Tulijuaka," akasema.

Mzee akainua uso kumtazama.

"Ku nyumba tulikuwa tunapima tena. Kilo nane. Kila siku kilo nane. Tulijua, na kesho tunarudia mu foleni, juu tungeenda wapi? Tukakuangalia machoni, ukaangalia ku sindano." Alisema bila kupandisha sauti. "Mutoto yangu ya tatu alikufaka ile mwaka. Sisemi ni kilo mbili. Sijui ni nini. Nasema tu."

"Ndiyo, mama," akasema Mwelwa. Delphine alitaka kumkimbilia, amshike, amtoe pale, lakini akayashika makoti yake na kumwacha aseme.

"We ulifungwa. Ile nilisikia." Mama Julienne akajipangusa makombo kwenye kitenge. "Na bale bengine? Benye kuuzisha bunga na malori? Hatukubaonaka. Bale ba mu hii filamu bako bantu bila majina, nimecheza siku ine, sijasikia jina hata moja. Ni banani?"

Mzee akajishikilia kwenye nguzo ya mizani, akasimama wima. Akalitaja la kwanza: jina la ubatizo, jina la baba, cheo alichokuwa nacho, mtaa wa nyumba aliyojenga mwaka ule. Hakubabaika hata kidogo, kama mtu aliyeyasoma majina hayo kila siku kwa miaka arobaini. Akalitaja la pili.

"Non, non, non! Papa!" Jephté aliruka kutoka mezani, sahani ikaanguka. Alikuwa anakimbia kuvuka ghala lote, tai imemrukia begani, akipunga mikono. "Pas ici! Papa, arrêtez! Tulisaini mikataba na familia zabo!"

Delphine aliyatupa makoti chini. Akatoka, akaenda kusimama katikati ya njia, mikono kiunoni, mwanamke mnene wa Kamalondo, na Jephté akamgonga kifuani na kusimama.

"Tuko ku pause," Delphine akamwambia.

Nyuma yake baba yake alikuwa amefika jina la tatu. Wanawake wakayabeba mabeseni yao, wakasogea karibu na mizani ili wasikie vizuri.